Dartmoor: parke yenye watu ndani yake

Wandugu, kuko ndege mumoja anaitwa kekeo. Kwa Kifaransa tulimusomaka kama coucou. Waingereza wanamuhesabu kuwa ndege wao, juu sauti yake ndiyo inawatangazia kama baridi imeisha. Lakini tangu mwaka 2011 wataalamu wa shirika la British Trust for Ornithology walianza kumufungia mgongoni kamashini kadogo kanakoongea na satelaiti, wamufuate njia yote. Kumbe kule Uingereza anakaa wiki chache tu, kuanzia mwisho wa mwezi wa nne hadi mwezi wa sita hivi. Miezi ya baridi ya Ulaya anaipitisha katika pori la bonde la Kongo. Kwa hesabu ya siku, anakaa huku kwetu zaidi kuliko kule kwao.

Wamoja kati ya hao ndege walikamatwa kwenye nyika ya Dartmoor, na leo nataka tuongelee hiyo nyika. Iko katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Ni nyanda za juu zenye majani, mawe, maji na upepo mwingi, miti kidogo sana. Kilele chake kikubwa, High Willhays, kinafika metre 621 tu. Mutu wa Bukavu atacheka, sababu mji wake wenyewe unapita hapo zaidi ya mara mbili. Lakini huko juu mvua inaweza kufika milimetre 2.000 kwa mwaka, na ukungu unashuka bila kukuaga. Ni mahali hapo Arthur Conan Doyle aliweka hadithi yake ya Sherlock Holmes yenye mbwa wa kutisha, ile ya Baskerville. Na ni huyo huyo Conan Doyle ambaye mwaka 1909 aliandika kitabu cha kushitaki maovu ya utawala wa Leopold II kwetu. Wengi wanajua ile ya mbwa. Hii ya pili inafaa kujulikana zaidi.

Kwa nini kekeo anapenda pale? Yeye hajengi nyumba. Anataga yai lake katika nyumba ya ndege mwingine, na Dartmoor iko na ndege mudogo wa rangi ya udongo, anayejenga chini katika majani, ambaye analea mtoto wa kekeo bila kujua. Tena kuko viwavi vingi, chakula chake. Katika Uingereza kwa jumla, kekeo wamepungua zaidi ya nusu tangu miaka ya 1980. Dartmoor wanasikika bado.

Basi ukiona picha ya Dartmoor utasema: hii ni ardhi tupu, haijaguswa na mutu. Hapana. Ile nyika ni kazi ya watu. Zamani ilikuwa na miti. Watu wa kale walichoma, wakakata, wakaingiza wanyama wa kufuga, na karibu mwaka 1500 mbele ya Yesu walikuwa wameshagawanya sehemu kubwa kwa kuta ndefu za mawe, kila moja na mashamba yake. Misingi ya nyumba zao za mviringo inahesabiwa kufika 5.000. Pale Grimspound, nyumba 24 ziko ndani ya ukuta mumoja wa mawe, na leo mutoto wa shule anaingia kupitia mlango ule ule. Hali ya hewa ilipozidi baridi na maji, watu wakashuka mabondeni, nyika ikabaki. Jiwe lenyewe ni graniti ya miaka karibu milioni 280. Juu ya vilima mvua na barafu zimelimenya hadi likabaki marundo makubwa, sawa mutu aliyepanga mikate.

Na katika graniti hiyo kuko kasiterite.

Hapo wandugu wa Kivu, Maniema na Tanganyika tunaelewana. Kasiterite ni mama ya bati, na kuanzia karne ya 12 watu walimiminika Dartmoor kuchimba. Hawakuwa na mashine. Walifanya sawa ba creuseurs wa kwetu: wanageuza maji ya kijito, yanaosha mchanga wa bonde, madini mazito yanabaki chini. Ukitembea huko leo unaona mabonde yamejaa vilima vidogo vya mabaki, vimefunikwa na majani, utafikiri Mungu ndiye alivipanga.

Mfalme alitaka ile bati, juu ilimuingizia kodi. Kwa hiyo mwaka 1305 Edward I aliwapa wachimbaji barua ya haki zao: tribinali yao wenyewe, gereza yao pale Lydford, na walikuwa na ruhusa ya kuchimba hata katika ardhi ya mutu mwingine. Walikuwa pia na bunge lao, lililokutana juu ya kilima cha Crockern Tor, kwenye mawe, chini ya mvua. Fikirini: kundi la wachimbaji lenye sheria yake, hakimu wake, gereza yake, na mwenye shamba hana kwa kulalamika.

Shida ikaja na mto. Matope ya machimbo yalishuka na maji mpaka baharini, yakaanza kujaza bandari za Devon. Meli zikapata taabu. Mwaka 1512 mbunge mumoja wa Plympton, Richard Strode, naye mwenyewe akiwa mutu wa kazi ya bati, alitaka kupeleka katika bunge la London sheria za kuzuia hasara hiyo. Tribinali ya wachimbaji ikamuhukumu, ikamutoza faini, ikamufunga Lydford wiki tatu katika shimo lenye magonjwa. Bunge likakasirika. Likapitisha sheria ya kufuta hukumu hiyo na kusema kama mbunge hawezi kushitakiwa juu ya maneno anayoyaleta bungeni. Ile immunité parlementaire tunayoisikia kila siku kwenye radio, ambayo wengine wanaitumia kama mwavuli wa kuficha mambo yao, moja ya mizizi yake ya zamani iko hapo: mutu alifungwa juu alisema machimbo yanaharibu mto.

Wachimbaji walihitaji moto wa kuyeyusha, na miti ilikuwa kidogo. Wakageukia udongo. Juu ya Dartmoor, mahali maji hayatoki, kuvumwani na majani yanakufa bila kuoza vizuri, yanajikusanya, kama milimetre moja kwa mwaka, hadi yanakuwa tabaka nyeusi inayoitwa turbe. Ukikata turbe na kuikausha, inawaka. Walitengeneza hata makala ya turbe. Wakulima nao walikuwa na haki ya kuikata kwa ajili ya jiko la nyumbani.

Nani asiyesikia leo habari ya turbe? Mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza na wa Kongo-Brazzaville walitangaza kama chini ya pori la maji la Cuvette Centrale, upande wa Mbandaka na ng'ambo ya mto, kuko turbe inayoenea kilometre za mraba 145.500, yenye kufunga karibu tani bilioni 30 za kaboni. Dartmoor ni kadogo sana mbele ya hiyo, lakini inatuonyesha kitu kimoja kwa macho: turbe ikikatwa na kutobolewa mifereji inakauka, na ikikauka ile kaboni inarudi hewani. Leo wanalipa pesa nyingi kuziba mifereji kwa mbao na mabonge ya turbe, ili maji yarudi. Ndege wa matopeni nao wanapata mahali. Kuharibu kulifanywa na jembe la mkono; kutengeneza kunaomba mashine na miaka mingi.

Sasa tufike kwa neno parke. Kwetu neno hilo linatufanya kufikiri mpaka, ma-garde wenye silaha, marufuku ya kulima. Dartmoor ikawa parke ya taifa mwaka 1951, iko na kilometre za mraba 954, na ndani yake wanaishi watu kama 34.000. Parke haimiliki sehemu kubwa ya ile ardhi. Karibu sehemu moja kwa tatu ni ya Duchy of Cornwall, mali ya mutoto wa kwanza wa mfalme. Ingine ni ya watu binafsi. Hata jeshi linafanya mazoezi pale ya kupiga risasi, na bendera nyekundu inapopandishwa, unarudi nyuma. Tena kuko malisho ya pamoja. Mwenye malisho ni mutu fulani, lakini wakulima wa vijiji vya kandokando wako na haki ya zamani kuchunga ng'ombe na kondoo humo, haki inayokwenda pamoja na shamba. Hata wale farasi wadogo wanaotembea peke yao, wageni wakiwapiga picha wakisema ni wa pori, kila mumoja ana mwenyewe. Katika majira ya majani kuanguka wanakusanywa wote na kutenganishwa.

Usifikiri kama wanaelewana. Mwaka 2023 ofisi ya serikali ya mazingira iliomba wakulima wapunguze sana wanyama, juu mimea ya nyika inaisha. Wakulima wakajibu: mukiondoa ng'ombe, jani moja refu na gumu litafunika kila kitu. Tume ikaundwa, na ripoti yake ya mwisho wa mwaka ule ikaona ukweli pande zote mbili: mahali pengine mifugo ilizidi, pengine ng'ombe na farasi walikuwa kidogo. Mimi naona wakulima walikuwa na haki kukataa hesabu moja kwa nyika nzima, lakini hawawezi kusema kama hakuna shida.

Kesi ingine ilifika mbali zaidi. Sheria ya mwaka 1985 inapatia kila mutu haki ya kuingia katika yale malisho kwa miguu au kwa farasi, kwa ajili ya kujiburudisha hewani. Je, kupiga hema na kulala ni kujiburudisha? Mume na mke mumoja wenye zaidi ya hekta 1.600 pale walisema hapana, mutu aombe kwanza ruhusa ya mwenye ardhi. Mwezi wa kwanza 2023 tribinali ikawapa haki. Maelfu ya watu wakapanda nyikani kuandamana. Mwezi wa saba tribinali ya rufaa ikageuza. Tarehe 21 mwezi wa tano 2025, Tribinali Kuu, mahakimu wote kwa sauti moja, ikasema kulala katika hema ni sehemu ya kujiburudisha. Katika Uingereza nzima, bila kuhesabu Scotland, hakuna mahali pengine penye haki ya namna hiyo. Parke ndiyo inalinda masharti: hema dogo unalobeba mgongoni, usiku mumoja au mbili, mbali na barabara na nyumba, na moto wa kuni hapana, juu turbe ikishika moto inaweza kuwaka chini kwa chini siku nyingi.