ASKARI WA MWILI NA VUMBI LA MAWE

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani, kila siku tunavuta hewa, na pamoja na hewa tunavuta vumbi na mikrobi. Basi, sababu gani hatugonjwi kila siku? Ni kwa kuwa mwili una askari wake. Mtoto anazaliwa nao. Hawaingizwi kwa sindano. Leo tuangalie askari wa mapafu, maana hao ndio wanaoumizwa na vumbi la kazi yetu.

1. Askari wa mlangoni

Nywele za pua zinashika vumbi kubwa. Makamasi yananasa lile dogo. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Vinasukuma makamasi kwenda juu mpaka kooni. Hapo tunayatema ao tunayameza, na yakifika tumboni, maji makali ya tumbo yanaua mikrobi nyingi. Kikohozi na chafya vinafukuza yaliyobaki. Moshi wa tumbako unavidhoofisha vinyweleo hivyo.

2. Askari wa ndani

Vumbi laini sana linapita mlango huo na kufika kwenye vifuko vya hewa, mwisho wa mapafu. Humo walinzi ni chembe hai zinazoitwa makrofaji, ni kusema «walaji wakubwa». Zinaizunguka mikrobi, zinaimeza na kuiyeyusha.

Kazi hiyo ya chembe walaji ilielezwa na mtaalamu Élie Metchnikoff. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, alichoma miiba katika mwili wa kinyama kichanga cha baharini. Kesho yake akaona chembe zimeizunguka miiba. Mwaka 1908 alipewa zawadi ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

3. Jiwe halimezeki

Makrofaji zinameza pia vumbi la silisi, lile linalotoka katika mawe mengi tunayotoboa. Lakini jiwe haliyeyuki. Makrofaji inakufa, inapasuka, vumbi linatoka. Nyingine inakuja kulimeza, nayo inakufa. Polepole mapafu yanapata makovu magumu, na kovu halipitishi hewa. Ndio ugonjwa wa silikozi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi.

Hatari ya pili: askari wakidhoofika, mikrobi ya kifua kikuu inapata nafasi. Mwenye silikozi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Silikozi haiambukizi, lakini kifua kikuu kinaambukiza: baba akikohoa nyumbani, bibi na watoto wako hatarini.

4. Tufanye nini?

— Toboa jiwe kwa maji. Usifunge maji ili kazi iende mbio: vumbi lililolowana haliruki.
— Vaa maski ya vumbi inayobana uso vizuri. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii vumbi laini.
— Usipulize vumbi la nguo kwa hewa ya kompresa. Koga na kubadili nguo kazini. Usipeleke vumbi nyumbani.
— Acha tumbako.
— Usikose kupimwa kifua unapoitwa, hata kama unajiona mzima. Silikozi inaanza bila maumivu.
— Kikohozi kikipita wiki 2, ao ukikonda na kutoka jasho usiku, nenda dispensere, makohozi yatapimwa. Kifua kikuu kinapona. Dawa zinamezwa kwa kawaida miezi 6, bila kukatiza. Mama, ukiona bwana anaficha kikohozi, umsukume aende.

Wengi wanasema maziwa yanasafisha mapafu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni, hayaendi mapafuni. Hakuna kinywaji kinachotoa vumbi lililokwisha kuingia. Sherti tulizuie kabla ya kufika puani.