Mazembe au Lupopo? Chimbuko la uvumi wa usajili Lubumbashi

Kila dirisha la usajili likifunguliwa kule kwetu Lubumbashi, swali huwa lilelile: yule kijana atatia sahihi wapi? Mara nyingi anayeulizwa ana miaka kumi na saba au kumi na minane, ana mguu wa kushoto wa kutisha, na amecheza mechi chache tu za timu ya mtaa. Haipiti wiki, jina lake limeshafika Brussels, Lusaka, Johannesburg na Dallas. Yuko aliyemwona akishuka kwenye gari la mkubwa wa Mazembe. Yuko mwenye shemeji anayejuana na watu wa Lupopo, na shemeji kasema mambo yamekwisha. Wengine wanatazama picha ya kijana akitoka misani Jumapili, na kwa kuwa fulana yake ni ya njano, rangi ya Lupopo, basi kesi imefungwa.

Watoto wetu waliozaliwa huku nje wanashangaa kuona baba zao na wajomba zao wakigombana juu ya kijana ambaye hawajawahi kumwona akigusa mpira. Wana haki ya kuuliza. Jibu linaanzia mbali.

Klabu zote mbili, Mazembe na Lupopo, zinahesabu miaka yao tangu 1939, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenedikto kwa ajili ya vijana wa taasisi ya Saint-Boniface, kwa jina la Saint-Georges. Baadaye ikawa Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kampuni ya matairi, na mwishoni Tout Puissant Mazembe. Lupopo ilichukua jina la Mtakatifu Éloi, mlinzi wa mafundi wa chuma, na ikakua mikononi mwa watu wa reli. Ndiyo maana hadi leo inaitwa Cheminots. Mazembe ni nyeusi na nyeupe, Kunguru. Lupopo ni njano na buluu. Mazembe ina kwake Kamalondo, Lupopo ina kwake upande wa Kenya, na komini hizo mbili zinapakana. Ukijua baba wa mtu alifanya kazi wapi na nyumba yao ilikuwa barabara gani, ulikuwa unajua na timu yake. Mtoto alirithi klabu kama alivyorithi jina la ukoo.

Hapo ndipo unapotoka uzito wa neno "kuvuka", yaani kutoka klabu moja kwenda ya pili. Kijana wa Kamalondo akienda Lupopo, watu hawaoni mfanyakazi aliyebadilisha mwajiri. Wanaona mtoto wa nyumba aliyehama nyumba. Mama yake atasemwa sokoni, na kaka zake watatakiwa kujieleza.

Siasa iliongeza moto. Kuanzia 1966 Rais Mobutu aliwarudisha nyumbani wachezaji wa Kongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji, na njia ya kwenda Ulaya ikafungwa kwa miaka mingi. Mwenye kipaji hakuwa na pa kwenda ila ng'ambo ya barabara. Soko lote la wachezaji likawa ndani ya nchi, na kwa Lubumbashi likawa ndani ya mji mmoja. Matunda yake yalikuwa makubwa: Englebert ilichukua ubingwa wa klabu za Afrika 1967 na 1968, ikacheza fainali tena 1969 na 1970. Timu ya taifa ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliyokwenda Kombe la Dunia 1974 ilikuwa na watu wa Mazembe katika nguzo zake: kipa Kazadi Mwamba, Bwanga Tshimen aliyekuwa mchezaji bora wa Afrika wa 1973, na Mwepu Ilunga. Wazee wanaobishana leo kuhusu kijana wa miaka kumi na saba walikulia wakati ambapo mchezaji mmoja aliyebaki au aliyeondoka aliweza kubadilisha hadhi ya mtaa mzima barani Afrika. Siwalaumu kwa kuwa na kumbukumbu.

Kisha zikaja fedha. Moïse Katumbi alishika urais wa Mazembe mwaka 1997, na klabu ikaanza kununua wachezaji kutoka Zambia, Tanzania, Ghana na kwingineko. Ikatwaa ubingwa wa Afrika 2009 na 2010, na Desemba 2010 ikafika fainali ya Kombe la Dunia la klabu kule Abu Dhabi, ya kwanza kutoka Afrika kufika hapo, ikafungwa 3-0 na Inter ya Milano. Mwaka 2011 ikafungua uwanja wake yenyewe pale Kamalondo. Katumbi huyohuyo alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, mwaka mkoa ulipogawanywa vipande vinne, na baadaye akawa mmoja wa vigogo wa upinzani. Upande wa pili, Jacques Kyabula, aliyekuwa gavana wa Haut-Katanga, kimoja cha vipande hivyo, alishika uongozi wa Lupopo. Kwa hiyo kijana anapochagua klabu, kuna wanaohesabu kwamba amechagua mwanasiasa, hata kama yeye alichotaka ni mshahara wa kumlipia mama kodi ya nyumba. Mzigo huo si wake, na mimi nadhani ni dhuluma kumtwisha.

Tuje kwenye usajili wenyewe, kwa sababu uvumi mwingi unaishi kwenye sehemu ambazo watu hawazijui.

Kijana wa Lubumbashi huanza kwenye timu ya mtaa iliyo chini ya EUFLU, chama cha mpira cha mji. Hapo ana mlezi wake, mtu aliyemnunulia viatu, aliyemlipia nauli, pengine aliyemlisha. Siku klabu kubwa inapomtaka, inaongea kwanza na mlezi, si na wazazi. Mlezi naye ana haki ya kutaka jasho lake, na njia rahisi ya kupandisha bei ni kuacha ijulikane kwamba ng'ambo ya pili nao wanamtaka. Habari nyingi tunazoletewa huku kama siri nzito zilianzia hapo: mtu mmoja anayeuza, anayehitaji wanunuzi wawili. Kijana atafanya majaribio huku, atapigwa picha kule, na kila upande utakuwa na ushahidi wake. Picha ya mchezaji ameshika jezi haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni barua ya kuachiwa kutoka timu yake ya zamani, mkataba wenye sahihi, na leseni iliyotolewa kwa jina lake.

Sheria za FIFA zinaeleza pia kwa nini uvumi mara nyingine huwa nusu kweli. Mchezaji wa kulipwa ambaye mkataba wake umebakiza miezi sita au pungufu anaruhusiwa kutia sahihi na klabu nyingine huku akiendelea kuvaa jezi ya kwanza. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa mkataba unaozidi miaka mitatu, na kwa kawaida hawezi kuhamishiwa nchi nyingine isipokuwa kwa masharti machache. Na iwapo atakuja kuuzwa nje kwa fedha, asilimia 5 ya fidia hugawiwa klabu zilizomfundisha kuanzia mwaka wake wa 12 hadi wa 23. Timu ndogo ya komini ya Katuba au Ruashi isiyo na karatasi inayoonyesha kwamba alipita kwake hukosa fungu hilo, hata kama dunia nzima inajua alikotokea.

Mazembe yenyewe iliwahi kuumia kwa karatasi. Mwaka 2011, ikiwa bingwa mtetezi, iliitoa Simba ya Dar es Salaam katika Ligi ya Mabingwa kwa jumla ya mabao 6-3. Simba ikalalamika kuhusu beki Janvier Besala Bokungu, na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikaamua kwamba hakustahili kuchezeshwa kwa sababu ya mkataba wake na Espérance ya Tunis. Mabingwa wa Afrika wakatupwa nje ya mashindano. Katika pambano hilohilo Mazembe walimwona kijana wa Simba aitwaye Mbwana Samatta, wakamchukua mwaka huohuo. Mwaka 2015 alikuwa miongoni mwa wafungaji bora wakati Mazembe ikiifunga USM Alger na kutwaa ubingwa wa tano, na Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Mkataba mmoja ulivunja msimu. Mwingine, uliofanywa sawasawa, ulimfikisha mtu Ulaya.

Watanzania wanaujua vizuri ugonjwa huu wa kugombania mchezaji. Bernard Morrison alipotoka Yanga kwenda kwa mahasimu wao Simba mwaka 2020, Yanga ilidai bado ana mkataba nao. Shauri likapita kwenye kamati ya shirikisho, likafika mahakama ya michezo ya kimataifa, na Yanga ikashindwa. Miaka miwili baada ya kuhama, Morrison akarudi Yanga. Wale waliomtukana walimpokea.

Na ninyi mlioko Marekani mnaona jinsi mashabiki wa mpira wa vyuo wanavyomwandama mwanafunzi wa sekondari atakayechagua chuo. Kule ahadi ya mdomo haimfungi mtu mpaka atie sahihi, na anaweza kuibadilisha asubuhi yake. Kuanzia 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, kwa hiyo fedha zimeongeza kelele. Lakini familia ya kule ina mwalimu wa shule, tarehe zinazojulikana, na karatasi inayosomeka. Kijana wetu mara nyingi ana mlezi tu, na simu isiyo na chaji.

Ndiyo maana naona ushabiki wetu wa mbali una madhara ambayo hatuyahesabu. Tunapompigia simu mjomba wa kijana kumwambia asithubutu kuvuka, tunapotuma sauti ya dakika sita ya matusi juu ya mtoto wa mtu, wanaokula hasara ni watu wa nyumba moja pale Kenya au Kamalondo. Mlezi anapata bei yake. Klabu zinapata kuzungumzwa. Kijana anaweza kukosa kote kuwili kwa sababu wakubwa wa upande mmoja wamesikia kwamba ameshauzwa upande mwingine, nao wakageukia jina jingine orodhani.

Mimi ni mtu wa nyeusi na nyeupe, na derby ikifika siwezi kula. Hilo halinizuii kusema kwamba kijana wa Lubumbashi akienda Lupopo kwa mkataba mzuri amefanya vyema, na anayekwenda Mazembe kukaa benchi bila mshahara amekosea.

Basi ndugu zangu, kama kuna mdogo wako, mpwa wako au mtoto wa jirani anayetafutwa na klabu, acha kuuliza atavaa rangi gani. Uliza mkataba ni wa miaka mingapi, mshahara ni kiasi gani, na nani ataketi karibu naye siku ya kutia sahihi. Mwambie mzazi awepo. Mwambie abaki na nakala yake mwenyewe, aipige picha, na akutumie wewe uitunze. Na timu yake ya kwanza ya mtaa, omba waandike jina lake na miaka aliyocheza kwao, leo, kabla daftari halijapotea.