Mkonga unapumua juu, difu inakunywa maji chini!

Mpenzi msomaji, hebu niambie ukweli. Mara ya mwisho kubadilisha oili ya difu ya mbele ya gari lako ilikuwa lini? Kimyaaa! Nilijua tu.

Usione aibu, hata mimi yalinikuta. Nilikuwa na Land Cruiser mkonga, mtumba wa haja, napiga nayo deiwaka kule Nyarugusu, Geita. Leo nabeba viroba vya mawe kupeleka kwenye makarasha, kesho nawapeleka washikaji na jenereta lao kwenye maduara mapya. Oili ya injini nilikuwa sikosi kubadilisha. Difu ya nyuma naikumbuka mara mojamoja. Ya mbele? Nilijiambia, "Si inafanya kazi mpaka nichomeke fo-wili?"

Siku mvua ilipotandika, nikanasa kwenye tope na mzigo juu. Nikachomeka fo-wili kwa mbwembwe... kraaak! Fundi alipofungua, kilichomwagika kilikuwa kama chai ya maziwa. Meno yote yameliwa. Mshiko wa miezi mitatu ukaishia kwenye spea, na gari likalala juu ya mawe msimu ambao wenzangu wanavuna.

Maji yanaingiaje?

Hapa ndipo wengi tunapoingizwa mjini. Ule mkonga pembeni ya kioo ni wa injini tu! Difu ina kijibomba chake cha kupumulia. Ukitembea, difu inapata moto na hewa ya ndani inatanuka. Ukitumbukia kwenye dimbwi la maji baridi, hewa inasinyaa, difu inavuta pumzi. Kijibomba kikiwa kimekatika, inavuta maji kupitia hapo. Kikiwa kimeziba kwa tope, inayavuta kwenye sili zilizochoka. Oili ikishachanganyika na maji haitelezi tena, beringi zinashika kutu, meno yanasagana. Na kwa kuwa difu ya mbele haivuti mzigo kila siku, haipigi kelele mapema. Inakungoja siku ya shida!

Fanya mwenyewe nyumbani

Kwa mtu mwenye spana, kazi yenyewe haizidi saa moja. Tembeza gari kidogo oili ipate uvuguvugu, kisha liegeshe mahali tambarare, vuta handibreki, weka mawe kwenye magurudumu. Land Cruiser iko juu, wengi wetu tunaingia chini bila kuinua. Ukilazimika kuinua, weka stendi. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, jamani, difu inanunuliwa, roho hainunuliwi.

Utaona nati mbili: ya juu ni ya kujazia, ya chini ni ya kumwagia. Kwenye Land Cruiser nyingi ni spana namba 24. Zisafishe tope kwa brashi ya waya. Sasa sheria namba moja: FUNGUA YA JUU KWANZA! Ukimwaga oili yote halafu ya juu ikagoma, umebaki na difu kavu, hata kwa fundi hufiki.

Weka beseni, fungua ya chini, halafu tazama kilichotoka. Nyeusi, imezeeka. Rangi ya maziwa, imekunywa maji. Unga laini wa kijivu kwenye nati yenye sumaku ni kawaida, lakini ukiokota vipande vya chuma, muite fundi leo leo.

Funga ya chini kwa washa mpya. Ingiza oili kwa bomba la mkono kupitia tundu la juu mpaka ianze kuchuruzika, kisha funga. Andaa lita 3. Chagua iliyoandikwa GL-5. Land Cruiser nyingi zinakubali 80W-90, ila kitabu cha gari ndicho bosi. Kabla hujanawa mikono, kagua kile kijibomba. Kimeziba, zibua. Kimekatika, weka mpira mrefu uufikishe juu karibu na boneti.

Kwenye lami, wengi hubadilisha kila kilometa 40,000. Kwa matope na mizigo ya Nyarugusu, gawa kwa mbili. Na ukivuka maji yaliyofunika ekseli, usingoje kilometa, fungua nati ukague.

Oili chafu tia kwenye dumu, usimwage karibu na kisima. Maji ya kunywa ni yetu wote.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, kwa hiyo spea za Mwanza hazingoji tena kivuko. Lakini difu nzima bado ni difu nzima, na lita 3 za oili bado ni lita 3. Piga hesabu mwenyewe, halafu Jumamosi hii uingie chini ya gari!