Ukitishiwa Picha, Usitume Pesa

Kijana wako anaomba elfu mbili haraka na hasemi ni za nini? Usimfokee. Huenda “rafiki” wa mtandaoni, pengine aliye nchi nyingine kabisa, ana picha zake za utupu na anatishia kuzisambaza asipolipwa.

Tunawaomba msilipe. Ukituma leo, kesho ataitisha zaidi.

Usifute meseji. Namba, jina na saa ya muamala huwasaidia polisi kufuata pesa, hata ng'ambo kupitia Interpol. Lakini picha zenyewe usimtumie mtu yeyote.

Piga 116, laini ya Childline Kenya. Ni bure, mchana na usiku. Na mwambie kijana wako mapema: kosa si lako, tuko pamoja.