Nguzo za dawa: rangi ya kijani si hakikisho

Katika maduka mengi ya mbao nguzo za uzio hupangwa mafungu mawili. Fungu moja ni nguzo za kawaida za mkaratusi au msindano. Jingine ni zile za kijani zinazouzwa kwa jina la nguzo za dawa, kwa bei ya juu zaidi. Nyongeza hiyo ya bei ni halali endapo dawa imeingia ndani ya mti. Tatizo ni kwamba rangi ya kijani hupatikana pia kwa kuchovya nguzo kwenye pipa dakika chache, na kwa macho ya mnunuzi zote hufanana.

Mwenye shamba anayehitaji nguzo 200 ana sababu ya kupiga hesabu kabla ya kulipa. Nguzo ya mkaratusi isiyo na dawa, ikichimbiwa kwenye ardhi yenye mchwa, mara nyingi haivuki miaka minne. Iliyotiwa dawa ipasavyo hutarajiwa kufika miaka 20. Hata kama hiyo ya pili ingeuzwa kwa bei maradufu, katika miaka 20 mwenye nguzo za kawaida atakuwa amenunua nguzo 1,000, wakati mwenzake amelipia thamani ya 400. Hapo bado vibarua wa kung'oa visiki na kukaza upya seng'enge, achilia mbali mbuzi waliopitia mwanya. Anayeumia kuliko wote ni aliyeuziwa nguzo za kuchovya: amelipa maradufu kwa uhai unaokaribiana na wa nguzo ya kawaida.

Mti hauozi kwa uzee. Huozeshwa na kuvu, ambayo huhitaji unyevu na hewa kwa pamoja. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 hivi haiozi, ndiyo maana kenchi kavu chini ya bati hudumu. Iliyozama majini muda wote nayo huoza polepole sana kwa kukosa hewa. Mahali pabaya ni pale nguzo inapochomoza ardhini, ambapo vyote viwili vipo, na mchwa hupitia hapo hapo. Anayenunua shamba lenye uzio wa zamani afukue kidogo sehemu hiyo na kuchoma kwa bisibisi kabla ya kukubali thamani aliyotajiwa.

Kiini cha mvule, mninga au mtiki kina kinga ya asili. Sehemu nyeupe ya nje haina, hata kwa miti hiyo. Kwa hiyo nguzo nyembamba za mtiki mchanga, ambazo nyingi ni nyeupe tupu, hazistahili bei ya jina la mtiki.

Kwa mkaratusi na msindano, sehemu hiyo nyeupe ndiyo inayonywa dawa. Nguzo huingizwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma, hewa hunyonywa, kisha dawa husukumwa kwa presha. Njia hii ilibuniwa na John Bethell wa Uingereza mwaka 1838, akitumia kreosoti. Dawa ya kijani, mchanganyiko wa shaba, kromu na arseniki, ilitokana na kazi ya Sonti Kamesam nchini India mwaka 1933. Shaba huzuia kuvu, arseniki huua wadudu, na kromu huvifungia ndani ya mti. Lakini nguzo iliyojaa maji haina nafasi ya kupokea dawa. Kukausha hufungia mtaji kwa wiki nyingi, na hapo ndipo wenye haraka huharibu kazi.

Mnunuzi wa shehena aombe nguzo moja ikatwe katikati. Mwishoni hapafai kwa kipimo, kwa kuwa dawa hupenya kirahisi kupitia ncha. Rangi ionekane kama pete pana iliyoenea sehemu yote nyeupe. Ikiwa ni utepe mwembamba kama ganda la yai, biashara iishie hapo. Muuzaji mwenye mali ya kweli hupoteza nguzo moja tu. Na anayekata nguzo mwenyewe aelekeze upande uliokatwa juu, asiuchimbie.

Arseniki ni sumu. Marekani dawa hii iliondolewa kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, na Umoja wa Ulaya uliibana mwaka 2004. Vipande vyake visiwe kuni, kwani sumu hutoka na moshi na kubaki kwenye majivu.

Mbadala unaopendwa kwa urahisi wake ni oili chafu. Hiyo hubaki kwenye ngozi ya mti na kuchafua udongo. Dawa za boroni nazo huoshwa na mvua. Zinafaa kenchi, haziwezi uzio.

Kinga ya juu juu hufaa kwa anayeirudia. Mafundi wa majahazi wa pwani hupaka sifa kwenye mbao na deheni chini ya chombo, na hurudia kila baada ya muda. Milango na madirisha ni vivyo hivyo. Jua hula uso wa mbao na vanishi angavu hubanduka mapema, ilhali rangi iliyopakwa juu ya mbao mbichi hufanya malengelenge. Ncha za mbao, zinazonywa maji kuliko upande mwingine wowote, zipakwe kwanza, kabla fundi hajaunga fremu.