Tuta la Kula na Tuta la Kuuza



Tembelea bustani za mboga wakati wa kiangazi. Katika bustani nyingine utaona jambo la kufikirisha. Mkulima ana matuta mengi ya nyanya na kabichi. Hayo ni ya kuuza. Karibu na nyumba yake ana tuta moja dogo. Hilo ni la kula yeye na watoto wake. Matuta ya kuuza hupigwa dawa ya wadudu mara kwa mara. Tuta la kula halipigwi dawa hata kidogo.

Muulize mkulima huyo sababu. Huenda akacheka kwanza. Kisha atakuambia, "Lile ni letu."

Jibu lake ni fupi, lakini lina maana kubwa. Mkulima huyo anajua kwamba dawa ile ni sumu. Hataki mtoto wake aile. Lakini mtoto wa jirani ataila. Wewe pia unaponunua mboga sokoni, unanunua kutoka tuta la kuuza la mtu mwingine. Basi tukifanya hivyo sote, sote tunalishana sumu.

Leo tutazungumza juu ya chakula kinacholimwa bila sumu. Tutazungumza pia juu ya mafuta tunayopaka mwilini.

Anayeumia kwanza ni mkulima

Dawa ya wadudu imetengenezwa ili iue. Mdudu ni kiumbe mwenye mishipa ya fahamu. Wewe pia unayo. Dawa nyingi za wadudu hushambulia mishipa hiyo. Sumu huingia mwilini kwa njia tatu. Huingia kwa mdomo, kwa pua na kwa ngozi.

Kwa hiyo anayeumia kwanza ni yule mwenye bomba mgongoni. Bomba likivuja, mgongo unalowa. Upepo ukivuma, anavuta sumu. Akila muhogo bila kunawa, anameza sumu. Dalili zake ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi, mate mengi na macho kuona ukungu. Watu wengine husema ni malaria. Hunywa dawa ya malaria, na kesho yake hurudi shambani na bomba.

Ukimwona mtu ana dalili hizo baada ya kupiga dawa, mwondoe shambani. Mvue nguo zilizolowa. Moshe mwili kwa maji mengi na sabuni. Usimtapishe. Mpeleke zahanati haraka, na uchukue chupa ya dawa ile. Mganga akisoma karatasi ya chupa, atajua amtibu vipi.

Kusoma kunaokoa maisha

Wewe sasa unajua kusoma. Tumia elimu hiyo. Kabla ya kufungua chupa ya dawa ya wadudu, soma karatasi yake. Chini ya karatasi kuna mstari wa rangi. Nyekundu ni sumu kali kabisa. Njano inafuata. Buluu ni hafifu zaidi. Kijani ndiyo yenye hatari ndogo kuliko zote. Lakini hata yenye kijani si maji ya kunywa.

Tafuta pia siku za kusubiri. Hizo ni siku kati ya kupiga dawa na kuvuna. Dawa moja huhitaji siku chache. Nyingine huhitaji wiki mbili au zaidi. Anayepiga dawa Jumatatu na kuvuna Jumatano anapeleka sumu sokoni. Ukiona nyanya zina madoa meupe ya dawa, muulize muuzaji zilipigwa lini. Una haki ya kuuliza.

Usinunue dawa iliyopimwa katika chupa ya soda au ya maji. Haina maandishi, kwa hiyo huwezi kujua ni nini. Watoto huiona chupa hiyo na kudhani ni kinywaji.

Kulima bila sumu

Je, inawezekana kulima mboga bila sumu za dukani? Ndiyo. Kilimo hiki huitwa kilimo hai. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kanuni moja ya kilimo hai. Mazao yanayofuata kanuni hiyo na kukaguliwa hupewa alama ya Kilimohai.

Kazi huanza na udongo. Mmea wenye afya hustahimili wadudu na magonjwa kuliko mmea dhaifu. Tengeneza mboji. Panga matabaka ya majani makavu, majani mabichi na samadi. Nyunyizia maji kila tabaka. Funika lundo kwa nyasi. Choma mti mrefu katikati ya lundo. Baada ya siku chache uchomoe na uushike. Ukiwa na joto, mboji inaiva. Joto hilo huua vijidudu na mbegu za magugu. Geuza lundo kila baada ya wiki chache. Baada ya miezi mitatu hivi mboji huwa nyeusi na hunukia kama udongo wa msituni.

Angalizo: usiweke samadi mbichi kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa. Samadi mbichi ina vijidudu vya kuharisha.

Kwa wadudu, tumia mwarobaini. Twanga mbegu zake kavu. Chukua unga gramu 500 na lita 10 za maji. Loweka usiku kucha. Chuja kwa kitambaa. Ongeza sabuni kidogo ili maji yashike kwenye majani. Piga jioni, kwa sababu jua kali hupunguza nguvu yake. Maji haya yasinywewe, na mbegu ziwekwe mbali na watoto. Kitu cha asili nacho kinaweza kudhuru kikitumiwa vibaya.

Tena, usipande nyanya mahali pamoja kila msimu. Wadudu na magonjwa ya nyanya hubaki pale pale wakingoja. Msimu huu panda nyanya, msimu ujao panda maharage au vitunguu. Ondoa matunda yenye wadudu na uyafukie shimoni.

Hatutakudanganya. Kilimo hiki kinataka mikono mingi. Wapo wadudu wagumu. Mfano ni kantangaze, aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na kuharibu nyanya nyingi. Mdudu wa namna hiyo anahitaji ushauri wa bwana shamba au bibi shamba. Lakini kila safari unayoacha kupiga sumu bila lazima, umeokoa fedha na umelinda mwili wako.

Je, mboga hizi zina faida gani kwa mlaji?

Watu wengine husema mboga za kilimo hai zina vitamini nyingi kupita kiasi. Wataalamu wamelinganisha. Kwa vitamini, tofauti si kubwa. Tofauti kubwa iko kwenye mabaki ya sumu. Mboga za kilimo hai zina mabaki machache zaidi. Jambo hili ni muhimu hasa kwa mama mjamzito na mtoto mdogo, kwa sababu mwili wa mtoto bado unajengwa.

Basi usiache kula mboga kwa kuogopa sumu. Kukosa mboga ni hatari pia. Osha mboga vizuri kwa maji safi yanayotiririka. Ondoa majani ya nje ya kabichi. Kula pia mboga zetu za asili, kama mnafu, mlenda na majani ya kunde. Nyingi huota bila kudai dawa nyingi.

Sumu ya kujipaka

Sasa tuje kwenye ngozi. Siku ya gulio utaona meza ya vipodozi karibu na meza ya nyanya. Muuzaji anasifu, "Dada, paka hii, baada ya wiki utang'aa." Dada anauza nyanya, anachukua fedha, ananunua kopo. Akifika nyumbani anachanganya na vingine. Huo ndio mkorogo.

Ndani ya makopo mengine kuna zebaki. Zebaki hupenya ngozi na kuingia kwenye damu. Huharibu figo. Hudhuru mishipa ya fahamu. Mama mjamzito akijipaka, sumu humfikia mtoto tumboni. Watu wa nyumbani nao wanaweza kuipata kupitia taulo na mashuka.

Madhara ya zebaki yanajulikana duniani. Katika mji wa Minamata, nchini Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Watu walikula samaki wa bahari hiyo. Mwaka 1956 ugonjwa wao ulitambuliwa. Wengi walikufa, na watoto walizaliwa na ulemavu. Mwaka 2013 mataifa yalipitisha mkataba wenye jina la mji huo. Mkataba ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika sehemu milioni 1 vikomeshwe ifikapo mwaka 2020. Hata hivyo, bado vinauzwa kwa magendo.

Makopo mengine yana haidrokwinoni. Mwanzoni ngozi hung'aa. Ikitumiwa muda mrefu, uso unaweza kupata mabaka meusi yenye rangi ya buluu, na mabaka hayo ni magumu kuondoka. Mengine yana steroidi, ambayo ni dawa ya hospitali. Ikipakwa ovyo hufanya ngozi iwe nyembamba. Kidonda hukawia kupona.

Rangi nyeusi ya ngozi ina kazi. Ni mwavuli wa mwili. Hutukinga na jua kali. Anayeichubua ameuvunja mwavuli wake mwenyewe.

Soma kopo. Ukiona neno "mercury", "calomel" au herufi "Hg", usinunue. Ukiona onyo kwamba usiguse dhahabu au fedha ukiwa umejipaka, ujue huenda kuna zebaki. Kopo lisilo na maandishi yoyote liache kabisa. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Tangu mwaka 2019 Shirika la Viwango Tanzania ndilo linalosimamia vipodozi.

Kwa ngozi kavu, mafuta ya nazi safi yanatosha watu wengi. Kaskazini mwa Uganda akina mama hutumia mafuta ya moo yaa. Zanzibar akina mama hutengeneza sabuni kwa mwani. Lakini usipake maji ya limau au ndimu na kutoka juani. Ngozi inaweza kuungua na kutoa malengelenge. Ukiwa na upele usiokwisha, nenda zahanati.

Lile ni letu

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakachimba vyoo. Walijifunza kisha wakatenda. Sisi nasi tutende.

Anza na tuta moja la kuuza. Lilime kama lile la nyumbani. Mwambie mnunuzi ulivyolilima. Akirudi wiki ijayo kukutafuta, ongeza tuta la pili. Siku moja utamwonyesha mgeni bustani nzima na kumwambia, "Hili lote ni letu."

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, nani hupiga dawa ya wadudu? Huvaa nini anapopiga?
2. Chupa tupu za dawa tunazipeleka wapi?
3. Je, dukani kwetu kuna makopo ya kujichubua? Yasomeni pamoja.
4. Ni tuta gani unaweza kulilima bila sumu msimu ujao?