Karatasi ya "Nimekubali kwa Hiari Yangu"



Mwezi uliopita tulikuwa Tuwan, mtaa ulio katika mji wa Kitale, tukihudhuria nikahi ya jamaa zetu. Baada ya sala ya Alasiri mama mmoja alitufuata barazani akiwa na karatasi aliyoikunja ndani ya mtandio. "Sheikh, naomba utusomee hii. Binti yangu ametakiwa aitie saini kabla ya Jumatatu, na Kiingereza chetu ni cha kubahatisha."

Ilikuwa nusu ukurasa. Ilisema kwamba mwenye kutia saini amechagua kwa hiari yake kusafiri bila kupitia ofisi ya kazi. Kwamba hatamdai wakala lolote kuhusu mshahara, maradhi wala nauli ya kurudi. Na kwamba pesa alizolipa hazirudi. Jina la mwajiri halikuwamo. Kiasi cha mshahara hakikuwamo. Wakala alikuwa amemweleza mama kwamba kanuni za serikali huchelewesha watu, na kwamba mwenye kujitoa katika kanuni hizo husafiri ndani ya wiki mbili: basi kutoka Kitale hadi Bungoma, kuvuka mpaka Malaba, ndege kutoka Entebbe kwa viza ya matembezi, na huko Ghuba kuna atakayempokea. Kazi yenyewe ni kulea watoto wawili na bibi mzee.

Tulimwuliza binti ameielewaje karatasi ile. Akajibu, "Mimi naiona kama fomu ya hospitali, Sheikh. Usiposaini hutibiwi."

Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika, kwa kuwa hatudhani karatasi za namna hii zinaishia Tuwan. Kisauni na Malindi nako wako mabinti wanaosubiri safari.

Nchini Kenya hiari hiyo haipo kisheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, vifungu 83 hadi 86, inataka mkataba wa kazi ya nje uandikwe kwa muundo uliowekwa, utiwe saini na pande zote, kisha uthibitishwe na afisa wa kazi. Afisa huyo hana ruhusa ya kuuthibitisha mpaka aridhike kwamba mfanyakazi amekubali pasipo kulazimishwa wala kudanganywa, na kwamba masharti ameyafahamu. Mwajiri asiyekaa Kenya hutakiwa aweke dhamana yenye wadhamini walio hapa nchini, ili binti akikwama apatikane wa kuulizwa. Na mwenye kumshawishi mtu atoke nchini kwa kazi bila mkataba huo anatenda kosa, ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kwa hiyo karatasi ile haikumwondolea binti usumbufu wowote. Imeandikwa kumkinga aliyeiandika.

Wasomaji watakumbuka mwaka 2014, serikali ilipofuta leseni za mawakala zaidi ya 900 kwa sababu ya vilio vilivyotoka Ghuba. Sheria ya mwaka 2016 ikaunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na hapo ndipo familia inaweza kuuliza kama wakala fulani amesajiliwa. Tena tufahamu kwamba Saudia, kwa mfano, sheria kuu ya kazi haiwahusu watumishi wa nyumbani. Wao wana kanuni zao mbali. Mkataba wake ndio silaha aliyo nayo mikononi, naye anaambiwa asiende nao.

Wapo wanaotujibu: lakini amekubali mwenyewe, na radhi si ndiyo nguzo ya mkataba? Ni kweli, radhi ni nguzo. Ila wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii wametufundisha kwamba mtu hasamehi haki ambayo bado haijathibiti, wala haki asiyoijua kiasi chake. Binti huyu hajafanya kazi hata siku moja. Mshahara wenyewe hautajwi. Atamsamehe nani kitu gani? Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Mola ametuamuru kuandikiana madeni, na akamweka anayedaiwa kuwa ndiye mwenye kuimlia, ili aikiri haki iliyo juu yake mbele ya mashahidi. Katika kazi ya kuajiriwa, mwenye kudaiwa ujira ni mwajiri. Kule Tuwan tuliona mambo yamepinduliwa: atakayedai ndiye aliyeandikiwa maneno ya kujinyang'anya.

Tulimkumbusha pia kisa cha Nabii Musa, alayhis salaam, katika Suratul Qasas. Alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana kitu, na mtu kama huyo angekubali lolote. Hata hivyo mzee aliyemwajiri alimtajia muda wazi, miaka minane. Kumi ikiwa Musa mwenyewe atapenda kuitimiza. Na akaahidi kutomtaabisha. Hiari ya Musa ilikuwa katika kuzidisha, baada ya haki za pande zote kutajwa.

Uingereza, kanuni za mawakala wa ajira za mwaka 2003 zinamruhusu fundi au mtaalamu anayefanya kazi kupitia kampuni yake mwenyewe ajitoe katika ulinzi wake kwa maandishi. Lakini wakala amekatazwa kuifanya saini hiyo kuwa sharti la kumtafutia kazi. Na kazi ikiwa ni kulea watoto au kuhudumia watu wanyonge, kujitoa hakukubaliki, kwa kuwa wanaolelewa nao wana haki ya kulindwa. Fomu ya hospitali ya binti yetu isingepita hapo kwa milango yote miwili.

(Suala la mwanamke kusafiri bila maharimu ni zito na lina mahali pake. Hatukulisahau.)

Tulimshauri mama amtake wakala alete mkataba wenye jina la mwajiri, mshahara, saa za mapumziko na nauli ya kurudi, kisha waende nao wote watatu kwa afisa wa kazi. Mama akanyamaza. Baadaye akatuambia kwamba shilingi 35,000 zimeshalipwa, na nusu yake ni mkopo wa chama cha akina mama wa mtaa. Wadogo wawili wa binti wako shule, baba yao alikwisha tangulia mbele ya haki.

Jumatatu binti hakusaini. Alikwenda ofisi ya kazi na mjomba wake, akaandikisha malalamiko, akabaki na nakala ya karatasi. Wakala ameshikilia kuwa pesa hazirudi, na kwamba nafasi amempa mwingine. Akina mama wa chama wanakutana Ijumaa hii baada ya sala, waamue kama watasimama na mwenzao kumdai wakala, au watamdai yeye.